Hesabu mbu kabla ya kuhesabu wagonjwa

Watu wengi wa mijini huamini kwamba malaria ni ugonjwa wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria. Mwambie mkazi wa Nairobi kuwa jamaa yake wa Kericho amelazwa kwa sababu ya malaria, naye atakuuliza, "Kwani alikuwa amesafiri wapi?" Kericho ni baridi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ukungu hufunika mashamba ya majani chai asubuhi, na usiku watu hujifunika blanketi mbili. Mbu wa malaria atawezaje kuishi huko?

Anaishi. Mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yako kati ya mita 1,600 na 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo malaria haikai mwaka mzima kama inavyokaa Homa Bay au Siaya. Huja kwa mikurupuko. Miezi mingi inaweza kupita kukiwa na wagonjwa wachache tu, kisha baada ya mvua za masika, hasa kati ya Mei na Julai, zahanati hujaa ghafla. Ndiyo sababu Wizara ya Afya huziweka Kericho na Bomet, pamoja na majirani zao Nandi, Kisii na Nyamira, katika kundi la nyanda za juu zinazoweza kukumbwa na mikurupuko ya malaria.

Ubaya wa malaria ya namna hii ni kwamba humkuta mtu bila kinga. Mtu aliyekulia kando ya ziwa ameumwa na mbu tangu utotoni, na akifika utu uzima mwili wake umejifunza kupambana na viini vya ugonjwa huo kwa kiasi fulani. Huko hatari kubwa zaidi ni kwa watoto wadogo na kina mama wajawazito. Mtu wa Kericho hana mazoea hayo. Mkurupuko ukija, mtoto huugua, mama huugua, na baba anayechuma chai ili alipe karo huugua pia. Nyumba nzima inaweza kuanguka katika mwezi mmoja.

Je, mkurupuko unaweza kuonekana ukiwa bado njiani? Unaweza, na wanaoweza kuuona kwanza si madaktari. Ni wanakijiji wenyewe, wakiwa na daftari, kalamu, kata nyeupe na subira. Wataalamu huiita kazi hii sayansi ya wananchi, yaani watu wa kawaida wanaokusanya habari kwa utaratibu mmoja ili zitumiwe na wanasayansi na maafisa wa afya.

Madaftari ya Kericho

Tuanze na historia, kwa sababu Kericho ni mahali ambapo daftari limewahi kuonyesha thamani yake.

Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda michai huko miaka ya 1920. Zilileta wafanyakazi wengi, zikawajengea kambi, hospitali na zahanati. Katika hospitali hizo wagonjwa waliandikwa mwezi baada ya mwezi. Vilevile vipimo vya mvua na joto viliandikwa kila siku, kwa sababu mkulima wa chai hawezi kufanya kazi bila kujua mvua.

Madaftari hayo yanaonyesha kuwa malaria iliwasumbua sana wafanyakazi katika miaka ya 1940. Baadaye ikatulizwa, hata watu wakakua wakidhani imekwisha. Ikarudi katika miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 mikurupuko ilikuwa ya karibu kila mwaka.

Kwa nini ilirudi? Hapo ndipo wanasayansi walipozozana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona mabadiliko makubwa ya hali ya hewa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo. Mwaka 2005 watafiti wengine wa kundi hilo wakaeleza kuwa kurudi kwa ugonjwa Kericho kulikwenda sambamba na dawa ya klorokwini kushindwa kutibu. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walipitia upya takwimu za joto wakaona kwamba lilikuwa limepanda. Kisha mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipimo vya miaka 30 vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho. Walikuta kwamba joto lilikuwa likipanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi katika kila miaka 10.

Leo wengi wanakubali kuwa mambo yote mawili yalichangia. Kuhusu dawa, Kenya iliacha klorokwini mwaka 1998, na tangu mwaka 2006 dawa ya kwanza katika hospitali za umma imekuwa ile ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini. Kuhusu joto, halijapungua.

Sitaki kukuchosha na mzozo huo, msomaji. Nataka uone jambo moja tu: wanasayansi waliweza kubishana kwa sababu kuna watu walioandika. Karani wa hospitali aliandika wagonjwa, na mtu wa kituo cha hewa akaandika joto na mvua. Lakini daftari la wagonjwa hujazwa wakati watu wameshaugua, na daftari la mvua halisemi lolote kuhusu mbu. Katikati ya mvua na mgonjwa kuna mbu, na huyo ndiye ambaye mara nyingi hana daftari.

Hesabu ya siku

Ili uelewe kwa nini daftari la mbu ni muhimu, ni lazima ujue muda ambao ugonjwa huchukua kutoka kwenye dimbwi hadi kitandani.

Mbu jike hutaga mayai majini. Mayai huanguliwa na kuwa viluwiluwi, nao hukua mpaka wakawa mbu wenye mabawa. Katika nchi ya joto kazi hiyo humalizika kwa wiki moja au mbili, na penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Mbu mchanga hana malaria. Anaipata akimuuma mtu mwenye viini katika damu.

Hata hapo, mbu huyo bado hawezi kumwambukiza mtu mwingine. Kwanza viini vinapaswa kukomaa ndani ya tumbo lake, na ukomavu huo hutegemea joto. Chini ya nyuzi 16 hivi viini haviendelei kabisa. Kwa makadirio ambayo wataalamu wamekuwa wakiyatumia, katika nyuzi 18 huchukua siku 56, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Katika nyuzi 20 huchukua siku 28. Katika nyuzi 25 ni siku 12 tu. Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona kwa nini ongezeko dogo la joto, ambalo wewe na mimi hatulihisi hata kidogo, linaweza kuwa kubwa sana kwa mahali penye baridi kama Kericho. Tena mbu wa malaria hupenda kupumzika ndani ya nyumba, na nyumba yenye jiko ina joto kuliko nje.

Mtu akishaumwa na mbu mwenye viini vilivyokomaa, huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 15 kabla ya homa kuanza. Baadaye damu yake nayo huwa chanzo cha viini kwa mbu wengine, na duru huanza upya.

Sasa jumlisha. Tangu mvua ijaze madimbwi mpaka foleni ya wagonjwa ionekane zahanatini, wiki nyingi hupita, pengine miezi miwili au zaidi. Daktari anayesubiri kuona wagonjwa wakiongezeka ameshapoteza muda wote huo. Mtu anayechungulia madimbwi kila wiki anauona mwanzo wake.

Wataalamu wetu walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 2001 Dkt Andrew Githeko wa KEMRI, pamoja na mwenzake, walichapisha njia ya kutabiri mikurupuko katika nyanda za juu za Kenya kwa kutumia joto na mvua. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo kituo cha hewa hupima eneo pana, ilhali mbu huzaliana katika shimo fulani, nyuma ya nyumba fulani. Shimo hilo linajulikana na wenyeji.

Wengine wamefanyaje?

Huenda ukauliza kama habari zinazokusanywa na watu wasiosomea kazi hiyo zinaweza kuaminika. Ni swali zuri, na limeshachunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Katika bonde la Kilombero, Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara waliwaonyesha wanakijiji ramani za vijiji vyao zilizogawanywa katika vipande, wakawaomba wataje ni wapi mbu ni wengi na ni wapi ni wachache. Baadaye wakatega mitego katika sehemu hizo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa wanakijiji walikuwa wamesema kweli. Pale walipotaja kuwa na mbu wengi, mitego nayo ilinasa wengi.

Nchini Rwanda, katika eneo la Ruhuha kusini mwa Kigali, wanakijiji waliojitolea walitengeneza mitego yao wenyewe kwa chupa za plastiki. Ndani waliweka maji yenye sukari na hamira, mchanganyiko unaotoa hewa kama ile tunayoitoa tukipumua, na hewa hiyo humvuta mbu. Walijaza fomu za karatasi wakaeleza wamenasa nini na usumbufu wa mbu ulikuwaje. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2021. Walipoulizwa kwa nini walijiunga, wengi walisema walitaka kujifunza na kuwasaidia wenzao.

Ulaya nako wanafanya vivyo hivyo. Hispania ilianza mwaka 2014 mpango unaoitwa Mosquito Alert, ambapo mwananchi hupiga picha ya mbu kwa simu na kuituma kwa wataalamu. Mwaka 2018 picha ya namna hiyo ndiyo iliyofichua kuwa mbu mgeni kutoka Asia amefika kaskazini mwa nchi hiyo. Mwaka 2017 mpango wa GLOBE, uliokuwa ukiungwa mkono na shirika la Marekani la safari za anga, NASA, ulitoa programu ya simu ya kumwongoza mtu kutafuta mazalio ya mbu, kuhesabu viluwiluwi na kuwapiga picha.

Lakini usidhani kwamba ni lazima uwe na simu ya bei ghali. Wanyarwanda walitumia karatasi. Jambo la maana ni utaratibu.

Mbu yupi?

Si kila mbu huleta malaria. Anayeieneza ni jike wa jamii ya Anofelesi peke yake. Yule mbu anayelia sikioni na kuzaliana katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo kwa kawaida ni Kuleksi. Anaudhi na ana magonjwa yake, lakini malaria si yake. Mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ni Aedesi, naye ndiye anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo yamewahi kuitesa Mombasa.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mbu wa Anofelesi akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma, mwili ukawa umenyooka kama msumari uliopigiliwa kwa mshazari. Kuleksi na Aedesi hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta, mgongo umejikunja kidogo.

Kwa viluwiluwi tofauti ni wazi zaidi, na hapa ndipo kata nyeupe inapofanya kazi. Viluwiluwi wa Anofelesi hulala juu ya maji kama vijiti vidogo vinavyoelea, kwa sababu hawana mrija wa kupumulia. Viluwiluwi wa Kuleksi na Aedesi huning'inia kichwa chini, na kule nyuma wana mrija unaogusa uso wa maji. Waliolala ni wa malaria; walioning'inia si wa malaria. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulishika somo hilo kwa dakika 10.

Na watafutwe wapi? Usihangaike na michai yenyewe. Mbu wa malaria wa huku kwetu hupenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana, yanayopigwa na jua. Katika nchi ya chai tazama nyayo za ng'ombe karibu na mto au mahali pa kunyweshea mifugo, mashimo ya kufyatulia matofali, machimbo ya mawe yaliyoachwa, mitaro ya barabara iliyoziba, alama za magurudumu ya trekta na lori, na vinamasi vilivyofyekwa ili kulimwa mboga. Kuhusu vinamasi, uchunguzi uliofanywa Kabale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa vijiji vilivyo karibu na vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vile vilivyo karibu na vinamasi vilivyobaki na mafunjo yake.

Usisahau vidimbwi vya samaki vilivyotelekezwa. Katika uchunguzi uliofanywa Kisii na kuchapishwa mwaka 2007, watafiti waliweka samaki aina ya tilapia katika vidimbwi vya namna hiyo. Baada ya wiki 15 viluwiluwi wa Anofelesi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Hiyo ni dawa ambayo pia ni kitoweo.

Daftari lenyewe

Sasa tufike kwenye kazi. Chukua daftari la kawaida la shule. Kijiji, shule au kambi ichague sehemu 10 za maji, zipewe nambari, na ziwe zile zile wiki zote. Kila wiki, siku ile ile, mtu mmoja au wawili wazizungukie.

Katika kila sehemu wachote maji mara 10 kwa kata au bakuli jeupe. Wachote taratibu kutoka pembeni, kwa sababu viluwiluwi wakishtuka huzama. Kisha waandike tarehe, nambari ya sehemu, kama kuna maji au pamekauka, kama kuna jua au kivuli, na kama viluwiluwi waliolala wapo au hawapo. Anayeweza kuwahesabu na awahesabu, lakini swali la kwanza ni wapo au hawapo.

Hapa ndipo wengi hukosea, na ningependa ulishike jambo hili hata kama utasahau mengine yote. Watu huandika wanapoona kitu. Wasipoona kitu hufunga daftari na kwenda nyumbani. Daftari la namna hiyo halina faida kwa afisa wa afya, kwa sababu halimwambii kama mambo yamebadilika. Ukimwambia kwamba wiki hii mmeona viluwiluwi 40, atakuuliza, "Na wiki iliyopita je?" Lakini tuseme daftari linaonyesha kuwa kwa wiki nne sehemu zote 10 zilikuwa tupu, wiki ya tano moja ilikuwa na viluwiluwi waliolala, ya sita tatu, na ya saba saba. Hapo hahitaji kuuliza. Sifuri za mwanzo ndizo zinazofanya ile saba iwe habari ya kutisha.

Daftari lianze kabla ya mvua za masika, yaani mapema mwezi wa Machi, ili sifuri hizo zipatikane.

Kuna tahadhari chache. Mtu asitumie mwili wake kuwanasa mbu, akikaa nje usiku na miguu wazi ili awahesabu wanaotua. Anayefanya hivyo anajitafutia ugonjwa. Watoto wasiende kwenye machimbo au mabwawa bila mtu mzima. Wavae gambuti, na wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Na mwenye shimo lililokutwa na viluwiluwi asiaibishwe mbele za watu, la sivyo mwaka ujao hatakubali mtu akanyage kwake.

Daftari lisiishie kabatini. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na wengi wao wana simu za kutuma habari. Huyo ndiye mlango wa kwanza. Yeye humfikishia afisa wa afya ya umma, naye hupeleka kwa wasimamizi wa malaria wa kaunti. Wakipata habari mapema kuna mengi wanayoweza kufanya: kuagiza vifaa vya kupimia damu na dawa kabla hazijaisha, kukagua kama vyandarua vinatumika, na kutia dawa ya viluwiluwi au kufukia mazalio. Wanakijiji nao wanaweza kufukia mashimo na kuzibua mitaro siku hiyo hiyo bila kungoja mtu.

Nao maafisa wana wajibu. Mwananchi aliyetembea kwenye matope kila Jumamosi kwa miezi mitatu anastahili kuambiwa habari zake zilitumikaje. Asipojibiwa ataacha, na hatarudi.

Kile ambacho daftari haliwezi

Nisikudanganye kwamba daftari linatosha. Kwa macho mtu anaweza kumjua Anofelesi, lakini ndani ya jamii hiyo mna ndugu wanaofanana kabisa, na ni maabara tu inayoweza kuwatenganisha. Wengine kati yao hawaenezi malaria. Vilevile viluwiluwi wengi si lazima wamaanishe wagonjwa wengi. Baridi ikizidi, viini havitakomaa. Na kijiji chenye vijana wenye bidii kitaonekana kuwa na mbu wengi kuliko kijiji jirani ambacho hakuna aliyetazama.

Kwa hiyo daftari la mbu linapaswa kusomwa pamoja na daftari la mvua na daftari la maabara ya zahanati, ambapo huandikwa ni wangapi waliopimwa damu na ni wangapi waliopatikana na viini. Madaftari matatu yakielekeza upande mmoja, hakuna sababu ya kungoja la nne.

Wewe wa mjini

Huenda unasoma haya ukiwa Nairobi, Nakuru au Eldoret na kusema hayakuhusu. Yanakuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, una watu nyumbani. Wazazi wako wa Konoin, Litein au Sotik hawana kinga ya malaria, na wewe uliyekaa mjini miaka mingi huna pia. Ukienda likizo wakati wa mvua, lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa kama unavyoshauriwa ukienda Kisumu.

Pili, wasafiri hubeba viini. Wengi wanaochuma chai hutoka sehemu zenye malaria ya mwaka mzima, na wengi huenda huko na kurudi. Mtu anayerudi Kericho akiwa na viini katika damu huwapa mbu wa Kericho kitu walichokosa. Yeye si wa kulaumiwa. Ni wa kupimwa na kutibiwa mapema. Ukipata homa, kuumwa na kichwa, kutetemeka au kutapika ndani ya wiki chache baada ya safari, nenda ukapimwe damu, na umwambie daktari ulikuwa wapi hata asipokuuliza. Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Ukipewa dawa, imalize yote hata kama umepata nafuu siku ya pili. Mtoto mwenye homa anayepata degedege, anayekataa kunyonya au asiyeamka vizuri apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Tatu, kuna mbu mgeni ambaye anapenda mji. Anaitwa Anofelesi stefensi na asili yake ni Asia. Alionekana Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, Sudan na Somalia, na mwaka 2022 akapatikana katika kaunti ya Marsabit hapa Kenya. Tofauti na wenzake waliozoea madimbwi ya mashambani, huyu huzaliana katika matangi, mapipa na madebe ya maji safi, kama yale yaliyo juu ya nyumba zetu. Funika tangi lako vizuri. Na ukichungulia ndani ukawaona viluwiluwi waliolala kama vijiti, usiwamwage tu ukanyamaza. Wachache watie katika chupa, andika tarehe na mahali, uwapeleke kwa afisa wa afya ya umma wa karibu.

Kwa sasa jambo lililo rahisi kwako ni hili. Ukienda nyumbani kabla ya masika, mchukulie mpwa wako au mwalimu wa shule ya jirani daftari moja na bakuli jeupe. Tembeeni pamoja siku ya kwanza, mchague zile sehemu 10 na kuzipa nambari, kisha umwonyeshe tofauti ya waliolala na walioning'inia. Umpe na nambari ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Na umsisitizie kwamba wiki ambayo hataona kitu chochote, asiruke ukurasa. Aandike sifuri.